Jiji Linaiomba Mikoko Radhi

"Usiegemee! Hilo ni jiji!"

Afisa misitu Haruna akaruka kama aliyekanyaga kaa. Ndiyo kwanza kahamishiwa Kibiti, hakutaka kuonekana mshamba mbele ya msanii. Na msanii mwenyewe, Tamimu, alijitambulisha kuwa katokea Dar es Salaam, miwani ya jua usoni, skafu shingoni, na joto lote lile la delta.

Mbele yao boriti za mikoko zilisimama ardhini, nyingine zimelazwa juu na kufungwa kamba. Sanamu hiyo iliitwa Jiji Linaiomba Mikoko Radhi. Ilibaki saini ya Haruna tu. Bila saini, boriti zinakamatwa na aliyezikata anakwenda ndani.

"Na huu uwazi?"

"Hapo jiji linapumua."

"Naam," akaitikia Haruna, kama mtu aliyelijua jambo hilo tangu tumboni mwa mama yake. Wanawake waliosimama pembeni wakaziba midomo kwa kanga.

Babu zetu walizikata boriti hizihizi, zikasafirishwa kwenda kujenga majumba ya Arabuni. Mkoloni akala ushuru wake na hakutoa chozi. Leo mkoko umepata ndugu! Biasha, aliyechukuliwa nyumba na mafuriko, aliomba boriti za kujengea, akaambiwa anahatarisha dunia. Analala chini ya turubai na mwanawe, Warda, na masika hayo yanabisha hodi.

Sasa alikuwa anakuja, mtoto mgongoni, mdomo mbele.

"We mwanaume huna haya! Watu tunalala kama kuku, wewe unachezea boriti? Bwana afisa, zing'oe hizo!"

"Dada, punguza jazba. Hii ni sanaa," akasema Haruna.

"Sanaa itanizuilia mvua?"

Haruna akamcheka kwa huruma ya msomi. "Ndiyo maana hamwendelei. Mkiona mti, mnawaza nyumba tu."

Akatia saini palepale, apate kumkomoa. Akampa msanii mkono, akaomba wapige picha, akapanda boti yake. Kijiji kizima kikaisindikiza kwa macho hadi ikapotea nyuma ya mikoko.

Biasha akafungua mbeleko.

"Haya, Baba Warda, mshike mwanao," akamwambia msanii. "Mimi nachota udongo. Tuanze kukandika chumbani."