Dagaa wa Mashavu

Kuku wa Shamte walikuwa wakinyonyoka, lakini uani hapakuwa na unyoya hata mmoja. Asubuhi ile alimwona tetea akichomoa manyoya ya mwenziwe mgongoni na kuyameza. Mwenziwe alitulia tu, damu ikimtoka.

Akaingia ndani kumweleza mkewe, Mashavu, aliyewafuga kuku wale kabla maradhi ya kifua hayajamlaza kitandani.

“Wanakulana manyoya.”

“Wamekosa dagaa,” Mashavu alisema kwa sauti iliyokauka. “Wape wale waliobaki.”

“Wale ni wa mchuzi wako.”

“Tangu juzi sijameza kitu, mume wangu, na wewe unajua. Wape kuku.”

Shamte alikwenda jikoni. Kisha akachukua kinu, akawatwanga dagaa taratibu hadi wakawa unga laini, kama alivyozoea kumtwangia yeye, akatoka nao.

Kuku walimvamia miguuni. Yule aliyenyonyolewa alijipenyeza katikati, akadonoa kwa pupa, mgongo wake mtupu ukitetemeka. Shamte alibaki amechuchumaa na bakuli tupu, ametega sikio dirishani, akingoja asikie mkewe akikohoa.