Uwanja wa Korongo

Korongo, ndege mwenye maneno matamu, aliwaambia wanyama wa bondeni: “Nirefushieni uwanja wa kutua, nami nitawabeba bure hadi ziwa kuu.” Wakafyeka matete yote.

Konokono peke yake roho haikumtulia. Mama yake aliishi mlimani, na aliyezoea kumpeleka huko ni Mnana, ndege mdogo aliyejenga kwenye matete hayo hayo.

“Mnana atakaa wapi?” aliuliza.

“Achana naye, utapanda Korongo!” wenzake wakamjibu.

Mnana akakosa kiota, akakosa na abiria, akahama. Siku Konokono aliposikia mama yu mahututi, akajikokota hadi uwanjani.

“Shikamoo, Mzee Korongo. Nipeleke mlimani kwa mama, ni mgonjwa sana.”

“Marahaba. Huko kuna uwanja mrefu?”

“Hakuna.”

“Basi sitatua. Nitapita juu tu, umchungulie.”

Konokono akapanda hivyo hivyo.