Machozi ya Kitunguu

Bwana harusi alikuwa akisubiri nje, na Mwatime alikuwa bado hajalia. Shangazi yake, Bimkubwa, akamfinya ubavuni.

"Lia, wewe. Watu watasema umemchoka mama yako."

"Mimi silii, shangazi. Nikihuzunika, mikono ndiyo hupapatika."

"Yale ya utotoni hayo. Leo unaolewa, ifiche." Akatoa kipande cha kitunguu kwenye pindo la kanga, akamsogezea machoni. Wanawake wakacheka.

Mwatime akamdaka mkono. Wiki nzima alikuwa hali wala halali, akinusa nguo za mama yake, na hakuna aliyemwuliza ana nini. Leo ndio wanataka machozi, tena ya kuonyesha watu.

"Mbona macho yako makavu, shangazi?" alisema, sauti ikafika hadi uani. "Jipake wewe. Huzuni ninayo, na si ya kitunguu."

Kicheko kikakatika. Akaitoa mikono yake yenye hina nje ya buibui na kuiachia mbele ya wote, ikapapatika kwa nguvu mpaka bangili zikalia. Wanawake wakampisha. Mlangoni alisimama mama yake, asijue aishike mikono ile au aiache.