Simu Ndani ya Debe la Unga

Siku hizi sheria inataka simu ya asiyeona imwambie kila ambacho mwenye macho angekiona. Ya mama yangu niliitafuta mwenyewe, duka hadi duka, nikajisifu kwa majirani.

Jumapili ile niliinama nikamwamkia kwa sauti tamu, "Shikamoo, mama."

Simu iliyoning'inia kifuani pake ikasema, "Binti yako Mwanakombo amekunja uso. Anatazama saa."

Nikatabasamu haraka. Ikalitaja na hilo.

"Marahaba, mwanangu," mama akajibu, kama hakusikia.

Jumapili iliyofuata sikuiona. Nilipofungua debe la unga nisonge ugali, niliikuta humo, imezimwa.

"Mama, simu imeharibika?"

"Nzima kabisa," alisema. "Huwa naizima ukija wewe tu."