Kovu la Kamba

Mfenesi wa uani ulipoangushwa na mvua, Mwanasha alimwomba fundi Shekue amfundishe kukereza mabakuli kutokana na magogo yake.

"Pasua kila gogo katikati, utoe kiini, kisha paka nta kwenye ncha zote mbili," fundi alimwambia. "Ukiliacha zima litapasuka lenyewe."

Aliyapasua yote. Moja tu lilimshinda, lile lenye kovu la kamba ya bembea ya marehemu bintiye. Shoka aliliinua, mkono ukagoma. Akalipaka nta, akaliacha zima.

Fundi aliporudi, ufa mrefu ulikuwa umepita palepale kwenye kovu.

"Si nilikwambia, dada?"

"Uliniambia, fundi."

Akayeyusha nta iliyobaki, akaanza kuimimina ndani ya ufa, taratibu, kama anayemnywesha mgonjwa uji.