Moyo Mzuri wa Siwema

Wakubwa waliamua mashine za hospitali za uswahilini zilainishe kila picha ya moyo, eti watu wasiingiwe na hofu. Za uzunguni huachwa na makovu yake. Picha ya Siwema, mke wa Chande, ilitoka laini kama yai. Wakaitundika sebuleni kwao, na mwezi uleule Siwema akafa kwa maradhi ya moyo.

Leo Chande alikwenda uzunguni kumjulia hali Mwantumu, mke wa rafiki yake Pazi; picha ya moyo wake ilionyesha kasoro, naye akafanyiwa upasuaji akapona.

"Shemeji, tazama moyo wangu ulivyo mbaya," Mwantumu alicheka, akimwonyesha picha iliyojaa mikunjo. "Wa marehemu ulikuwa mzuri, mpaka nikamwonea wivu."

"Ulikuwa mzuri," Chande alisema.

Pazi akamfunika mkewe miguu kwa khanga, polepole. Chande aliitazama ile picha, akatamani nayo ingalilainishwa.