Dakika Kumi za Saa Kumi

"Toa blanketi yako kwa kamba yangu!" Nduku alifoka.

"Kamba yako? Ulikuja nayo kutoka Kitui?"

"Selpha, usinijaribu. Nikikuchapa na hii suruali imelowa, utaokotwa kule Mwihoko!"

Ploti nzima, wapangaji wote wa ua ule pale Kimbo, ilitoka kusikiliza. Mwau, fundi wa baiskeli, alitoka na kikombe chake cha chai. Khisa peke yake alifunga mlango na kuketi mbele ya kompyuta. Dirisha lake linatazama barabara. Ugomvi wa uani huufuata kwa masikio tu.

Leo ilikuwa Ijumaa, siku yake ya mwisho ya majaribio. Miaka mitatu alikuwa akitafuta njia ya kubana video ipite kwenye mtandao dhaifu. Kila siku saa kumi, kwa dakika kumi, kamera juu ya mlango wake ilinasa ua, programu yake ikaibana picha, ikaikatakata vipande vidogo na kuvituma chuoni kwa Daktari Muli; Khisa mwenyewe aliona nambari za mzigo tu. Vipande vikizidi, vingine hupotea njiani, na uso wa mtu hufika ukiwa miraba mitupu. Muli alishasema: mzigo usiposhuka hadi robo ya ule wa mwanzo kufikia Ijumaa, Khisa afunge virago arudi Bungoma.

Jumapili alikuwa amemlilia Nduku, mama anayemlisha kama mwanawe.

"Mama, kitu kimetulia kinatumwa mara moja, basi. Kinachosonga kinatumwa tena na tena. Na hii ploti haijui kutulia."

Nduku alimwongezea muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, akasema Mungu ni mkubwa.

Jumatatu Khisa akabadilisha mistari miwili ya programu. Nambari zikaanza kushuka. Jumanne zikashuka zaidi. Mistari miwili tu! Kuku wa Nduku nao, waliozoea kushinda uani, siku hizi walifungiwa saa tisa na nusu. Khisa hakuuliza.

Saa kumi kamili akawasha kamera. Juu ya mlango taa nyekundu ikawaka.

Huko nje Nduku alikuwa katikati ya tusi. Tusi likaishia nusu. Khisa akamshukuru Mungu kwamba wamepatana.

Nusu. Theluthi. Robo. Chini ya robo.

Dakika ya nane simu ikalia.

"Khisa, umefanya nini?" Muli aliuliza. "Picha ni safi mpaka nahesabu vifungo vya sweta ya huyo mama. Umepita."

"Ni ile mistari miwili, Daktari."

Akafungua mlango mbio awape majirani habari.

Mwau alikuwa amesimama kwa mguu mmoja, kikombe hakijafika mdomoni. Selpha alikuwa ameinama, mikono kichwani. Juu yake Nduku alikuwa ameinua suruali iliyolowa, maji yakimchuruzika ndani ya mkono wa sweta.

"Zima hiyo taa, kijana," Nduku akasema bila kutikisa midomo, "nimalizane na huyu, halafu nyote mkuje mkule. Muthokoi inapoa."